Mawe Yasiyolalamika

Siku ile kijiweni walikuwapo Abasi muuza kahawa, mtu wa Kondoa, ambaye wote walimwita Buli. Sefu aliyerudi kutoka vita vya Burma na kuitwa Meja, ingawa hakuwahi kupanda cheo chochote. Manase fundi mwashi, Mmeru, aliyeitwa Pimamaji kwa sababu hakuweza kukaa juu ya benchi bila kusema kwamba limeinama. Na Athumani mshona viatu, Soli, ambaye ndiye mwenye shida. Walikuwapo pia samaki wadogo ndani ya ndoo ya bati, wamefunikwa kipande cha chandarua wasije wakaruka. Benchi lilikuwa la mbao ya mringaringa, limeegemea ukuta wa nyumba ya Abasi pale Kaloleni, na mbele yake ulipita mfereji wa maji baridi kutoka mlimani. Ilikuwa miaka ile ambayo ungeweza kukaa barazani asubuhi ukausikia mfereji huo tangu unapopinda kona. Picha za malkia mpya wa Waingereza zilikuwa bado zinaning'inia madukani, zimeanza kupauka kwa jua. Mlima Meru ulikuwa wazi, hauna hata wingu, lakini hakuna aliyeutazama. Wote walitazama sanduku la kioo lililokuwa juu ya benchi, limechukua nafasi ya mtu mmoja, na ukuta mweupe uliojengwa ndani yake.

Sanduku lile lilikuwa la Aristides, Mgiriki fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Athumani alikuwa akimshonea viatu miaka mingi. Mgiriki alipofungasha kurudi kwao alimwita nyumbani, akamwonyesha lile sanduku lililokuwa likikaa samaki sebuleni, akamwambia alichukue. Akamwonya neno moja tu: mawe yasiegemee kioo.

Athumani hakulitaka kwa ajili yake. Alilitaka kwa ajili ya mama yake, Bi Sophia.

Bi Sophia alizaliwa kando ya ziwa Tanganyika, mbele kidogo ya Ujiji, mahali ambapo ufuko wote ni mawe. Alipokuwa mtoto kazi yake ilikuwa kuosha vyungu jioni. Alikaa juu ya jiwe, akazamisha chungu cha ugali, na papo hapo wakatoka samaki wadogo wenye mistari katika nyufa za mawe, wakala ukoko mpaka chungu kikatakata. Hadithi hiyo Athumani aliisikia tangu anabebwa mgongoni, na yeye mwenyewe ziwa hilo hajalitia machoni. Amezaliwa Arusha, baada ya baba yake kuja huku na kazi ya upishi. Sasa Bi Sophia alikuwa ameanguka bombani, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakusimama. Alizungumza kidogo, na alipozungumza alikuwa kule kwao. Juzi alimuuliza Nusura, mke wa Athumani, kama vyungu vimeshaoshwa. Jana uji aliulamba kidogo, akafunga mdomo.

Ndiyo maana Athumani alitaka sanduku lenye ukuta wa mawe na samaki wanaotoka katika nyufa, mama yake alione kabla macho yake hayajachoka kabisa. Lakini samaki wa kwanza walikuwa wamekufa wote. Waliwekwa jioni, asubuhi wakakutwa wanaelea, matumbo juu, na maji yakamwagwa. Hawa wa kwenye ndoo Sefu alikwenda kuwavua tena ziwa Duluti, akarudi kwa miguu na ndoo kichwani na ule mguu wake mbovu. Safari nyingine kama ile asingeiweza, na hakuna aliyetaka kumwomba.

— Mimi ukuta wangu hauna kosa, alisema Manase. Weka pimamaji popote utakapo.

— Hakuna aliyesema umeinama, bwana Pimamaji, alijibu Abasi akimmiminia kahawa. Tunasema umeua.

— Ukuta hauui.

— Mbona wameingia wazima wakatoka maiti?

Athumani alikuwa na kiatu cha karani magotini, sindano mkononi, na uzi haukwenda. Alimwona Manase anavyoukazia macho ukuta ule. Fundi alikuwa ameujenga kwa moyo wote, saruji safi, mawe yamepachikwa moja moja, kisha akaupaka chokaa juu uwe mweupe kama nyumba ya mkubwa. Hakutaka chochote kwa kazi ile, hata kahawa alijinunulia.

— Mimi nitawaambieni, alisema Sefu. Samaki hawa wamekufa kwa hofu. Kule Burma kulikuwa na bwawa la watawa. Samaki walikuwa wakubwa kama mguu wangu huu mzima. Mawe yao yalipangwa kama handaki, pana mlango wa kuingilia na pana mlango wa kutokea. Samaki asiye na mlango wa nyuma hulala macho wazi mpaka anakufa.

— Samaki wote hulala macho wazi, Meja.

— Wa Burma walifumba.

— Uliwaona?

— Nilikuwa zamu.

Abasi akacheka mpaka vikombe vikagongana mkononi mwake.

— Hofu gani, alisema. Sikilizeni mimi niliyekaa chini ya mlima huu kabla ya ninyi wote kufika. Mlima huu haujazimika. Jiwe la Meru lina moto ndani yake, mchana linanyamaza, usiku linapumua. Hao samaki wamechemshwa taratibu.

— Mimi nimelala juu ya mawe hayo tangu utoto, alisema Manase.

— Ndiyo maana una hasira.

— Sina hasira.

— Mtazameni alivyoshika kikombe.

Hapo hata Athumani alitabasamu. Sefu akakohoa, kikohozi chake kile cha asubuhi, na Abasi bila kuambiwa akachukua ndimu aliyokuwa akimwekea kila siku chini ya kitambaa. Wengine kahawa yao ilikuwa na tangawizi. Ya Sefu ilikuwa na ndimu kwa ajili ya kifua, na Abasi hakuwahi kulisema jambo hilo wala Sefu hakuwahi kuomba.

— Na kuna jambo jingine, Abasi aliendelea akiikata ndimu. Duluti haina chini. Kila mtu analijua hilo. Sasa samaki wa Duluti tangu azaliwe hajawahi kuona chini. Wewe unamweka kwenye sanduku, anatazama, anaona chini hii hapa, kizunguzungu kinampiga.

— Buli, mimi nimewavua maji ya magotini, alisema Sefu. Chini nilikuwa nimeikanyaga.

— Hao walikuwa wamekuja kutembea.

— Wote?

— Ukoo mmoja.

— Mnacheka, alisema Manase, lakini tazameni. Hawa ni samaki wa huku kwetu. Wameamshwa kwao, wakatiwa kwenye ndoo na askari, wakapelekwa mahali wasipopajua, wakaambiwa sasa kaeni hapa. Hata mimi ningekufa.

Kicheko kikakoma. Kila mtu pale alijua kwamba ndugu zake Manase walikuwa miongoni mwa wale waliotolewa Engare Nanyuki, mashamba yao yakapewa wazungu. Manase mwenyewe hakuwa akilisema. Abasi akajishughulisha na ndimu, akaikamua kwa haraka kuliko ilivyohitajika, na tone likaruka likaangukia ukingo wa ule ukuta mweupe uliokuwa mkavu ndani ya sanduku.

Likatoa povu. Dogo tu, lakini wote walilisikia. Lilifanya shii, kama mafuta yanapoingia maji.

— Limefanya nini hilo? aliuliza Sefu.

— Limelalamika, alisema Abasi.

Akatia tone jingine, makusudi. Povu tena. Athumani akaweka kiatu chini, akachukua nusu ya ndimu, akainama hadi kwenye mfereji. Akaokota jiwe jeusi la mtoni, akalidondoshea. Kimya. Akaokota jingine, la kijivu lenye matundu matundu, jepesi kama mkate, la mlimani. Kimya. Akaokota moja lenye utando mweupe, likalia shii.

— Kumbe yapo yanayolalamika na yapo yanayonyamaza, alisema Abasi, na safari hii alisema polepole.

— Ndimu ni kali, alisema Sefu. Kitu kinachopigana na ndimu kitapigana na maji pia. Kitaingia kwenye maji. Hata kisima kilichojengwa upya, maji yake ya kwanza huwezi kuyanywa, yanakwaruza ulimi. Si ndivyo, Pimamaji?

Manase aliugusa ukuta kwa kidole. Alijua. Kila mwashi anajua maji ya saruji mpya yanavyobabua mikono, na chokaa ndiyo zaidi. Amejenga matangi, akayajaza na kuyamwaga, akayajaza na kuyamwaga, kabla ya kumruhusu mtu kunywa. Lakini hili la kioo hakulihesabu kuwa tangi. Kwake lilikuwa ukuta wa mapambo, na ukuta wa mapambo hupakwa chokaa.

Athumani aliona uso wa rafiki yake unavyobadilika, akatafuta neno.

— Mbona na mimi niliusifu, alisema. Nilisema ni mzuri kama nyumba ya mkubwa. Nilikuwa nimeinama hapo hapo na sikuwaza.

— Leta tindo, alisema Manase.

Alikuwa nayo mwenyewe kwenye mfuko wake. Aliubomoa ukuta ule pale pale, taratibu, mkono mmoja ukiwa nyuma ya kioo kukikinga, hata kipande kimoja cha saruji kisikigonge. Ilichukua muda, na hakuna aliyefanya mzaha. Abasi alizoa vifusi kwa sinia la kashata, kisha akaliosha sinia bila kulalamika. Sanduku likasuguliwa kwa makumbi ya nazi na maji matupu, bila sabuni, kwa sababu Sefu alisema sabuni nayo ni ndugu yake chokaa.

Wakaanza upya. Ndimu za Abasi zikaisha zote. Jiwe lililolalamika lilitupwa ng'ambo ya mfereji, lililonyamaza likasuguliwa likawekwa juu ya gunia. Waliacha yenye kingo kali, maana Athumani alisema samaki hana kiatu. Hilo liliwafurahisha, wakalirudia siku nyingi baadaye.

— Sasa chini, alisema Manase. Jiwe juu ya kioo kitupu sitaki. Jiwe lina pembe, kioo kina kinyongo.

Athumani akatoa tyubu kuukuu ya baiskeli, ile anayokata viraka, akaisugua kwa maji, akaipasua ikalala bapa, akaitandika ndani ya sanduku, chini upande wa nyuma. Manase akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Mawe makubwa mapana yakakaa juu ya mpira, kabla ya mchanga, ili samaki wakichimba wasiuangushe ukuta. Ya kati yakafuata, kila moja likikaa juu ya mawili, yakirudi nyuma kidogo kama ngazi, wala hakuna lililogusa kioo. Manase alipitisha kidole baina ya mawe na kioo kila alipoweka moja.

— Na mlango wa nyuma, alisema Sefu.

— Umeanza.

— Nakuambia. Samaki akiingia nyuma ya mawe akakosa pa kutokea, atafia huko na hutamwona mpaka anuke. Acha nafasi kulia na kushoto. Handaki lina midomo miwili.

Manase akatazama, akafikiri, akatoa mawe mawili ya pembeni.

— Meja kasema kweli, alisema.

— Andikeni siku ya leo, alisema Abasi.

Ukuta ukapanda. Ulikuwa na madirisha na vijipango, na kila mmoja alikuwa na jiwe aliloliweka kwa mkono wake. Lakini juu katikati palibaki pengo. Kila jiwe walilojaribu lilikuwa kubwa mno au lilitikisika. Manase alijaribu mengi. Mwishowe akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa jiwe jeusi lililolainika, upande mmoja una rangi ya moshi isiyotoka, akalisugua tena na tena mferejini, akalikamulia ganda la ndimu la mwisho. Likanyamaza. Akaliweka kwenye pengo, likakaa kana kwamba limechongwa kwa ajili hiyo.

— Hili usije ukalitupa, Soli, alisema.

— La wapi?

— Ni figa la mama. La jikoni kwetu, kule.

Athumani alitaka kulitoa amrudishie, akaunyoosha mkono, lakini Manase alikuwa tayari anachota maji.

Walimwaga maji juu ya sahani ili mchanga usitibuke. Kisha Sefu akaiinamisha ndoo polepole, samaki wakaingia mmoja mmoja. Walikuwa wa rangi ya majivu, hawana mistari ile ya Bi Sophia, ila mmoja mwenye mkia mwekundu kidogo. Wakakaa pembeni wamejibana. Kahawa ikanywewa, ikamiminwa tena. Wateja wawili watatu wakasimama wakatazama wakaenda zao. Jua likafika juu ya bati la Abasi. Kisha yule wa mkia mwekundu akaingia katika mlango wa kushoto wa Sefu, wakamngoja, akatokea wa kulia.

— Mnaona, alisema Sefu kwa sauti ndogo.

— Ni jiwe jepesi lile, alisema Abasi. Limewapa joto. Moto wa mlima, kwa kiasi.

— Ulisema wamechemshwa.

— Kwa kiasi, nimesema.

— Ni mpira wa Soli, alisema Manase. Ukuta bila msingi si ukuta.

— Ni mlango.

— Basi na ndimu je? Ndimu za nani?

Hivyo wakawa wanavutana, kila mtu akiufanya ushindi kuwa wake na hapo hapo kumgawia mwenzake, na Athumani akawasikiliza, kiatu cha karani magotini, na sasa uzi ulikwenda. Hakuwashukuru. Kijiweni pale watu hawakushukuriana kwa maneno. Alichukua tu kile kikombe cha Sefu kilichokwisha akakipeleka kwa Abasi kijazwe.

Abasi aliinamisha dele, likatoa masimbi ya chini tu. Kahawa ilikuwa imeisha.

Hapo ndipo akaja mwanamke wa Kiarusha, amebeba kibuyu cha maziwa, shanga zikigongana kifuani. Hawakuwahi kumwona mtaani.

— Takwenya, Manase alimwamkia kwa Kiarusha.

— Iko, alijibu, kisha akawageukia wote. Shikamooni wazee.

— Marahaba mama.

— Mimi Namnyaki. Natafuta nyumba ya Nusura. Ameniambia nilete maziwa, kuna bibi mgonjwa.

— Umefika, alisema Athumani. Nusura ni mke wangu, bibi ni mama yangu. Nyumba ni ile yenye mlango wa kijani. Pumzika kwanza, mama.

Namnyaki akachuchumaa kando ya benchi kuweka kibuyu chini, na alipoinua macho uso wake ukawa usawa wa sakafu ya sanduku.

— Hii nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Sefu alieleza handaki, Abasi moto wa mlima, Manase akaonyesha mawe yasivyogusa kioo. Athumani akaeleza habari za ziwa, na vyungu, na ukoko. Namnyaki alisikiliza yote, hakumkatiza mtu, akatikisa kichwa hasa pale pa vyungu. Kisha akainamisha shingo huku, akainamisha kule, bado amechuchumaa.

— Ni nzuri, alisema. Lakini hapa chini sioni samaki. Naona mchanga tu. Bibi yeye akilala, uso wake unatazama wapi?

— Amelala kitandani, alisema Sefu.

— Najua kitandani. Uso.

— Nadhani kibla, alisema Abasi. Mgonjwa wa Kiislamu...

— Inategemea mlango uko wapi, alisema Manase.

Namnyaki aliwangoja. Wakamgeukia Athumani.

Athumani alikuwa amepima kimo cha meza atakayoliwekea sanduku. Alijua ni wapi dirisha linaingiza nuru asubuhi. Lakini nyuma ya pazia la mama yake hakuwahi kupita tangu alipoanguka. Mwanamume mzima haingii anapolala mama yake, na mama anayegeuzwa na kuoshwa ndiyo kabisa. Ndivyo alivyolelewa, na mwenye kumlea hivyo alikuwa ni Bi Sophia mwenyewe. Kila alfajiri alisimama nje ya pazia akasema shikamoo mama, akasikia marahaba, akatoka kuja hapa kwenye mawe.

— Sijui, alisema.

Athumani akainuka, akachukua kibuyu cha yule mama ambebee, wakaenda.

Nusura alikuwa uani anasuuza bakuli la uji uliobaki.

— Mama analalia ubavu gani? Athumani aliuliza, hata hakusalimu.

Nusura aliweka bakuli chini.

— Wa kulia. Wa kushoto ndio ulioumia, haugusiki. Anatazama ukutani.

— Tangu lini?

— Tangu siku ile.

Hakulisema kwa kumlaumu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia kwanza, akamtandazia mama shuka vizuri, akamfunika mpaka mabegani, kisha akaliinua pazia akalishikilia.

— Pita, alisema. Amestirika.

Kitanda cha kamba kilikuwa kifupi kuliko Athumani alivyokikumbuka, na cha chini sana. Ile meza aliyoipima ingekuwa mgongoni kwa mama yake, juu ya kichwa chake. Bi Sophia alikuwa ameuelekea ukuta wa udongo, na mbele ya uso wake plasta ilikuwa imebanduka, vijiwe vya ndani vimejitokeza. Kidole chake kilikuwa kikipita baina ya vijiwe hivyo, polepole, kinaingia kwenye ufa na kutoka.

— Shikamoo mama, alisema Athumani.

— Marahaba. Leo umeingia.

— Nimeingia.

Wenzake wa kijiweni wakaitwa, wakaja wote. Walikivuta kitanda kutoka ukutani, Abasi akaleta sanduku la chai analokalia, likawekwa pale penye nafasi, usawa wa mto. Sanduku la kioo lilibebwa tupu, samaki wamerudi ndooni, mawe yamo kwenye gunia, na Manase akavua kofia, akapiga magoti mbele ya uso wa mgonjwa, akaanza kuupanga ukuta kwa mara ya tatu.

— Si hapo, alisema Bi Sophia.

Manase akasita.

— Hilo pana liende chini. Nitakaa wapi nikioshea?

— Ndiyo bibi.

— Acha nyufa. Wewe umeziba kila kitu.

— Ndiyo bibi, alisema Manase, na nyuma yake Sefu akamgusa Abasi kwa kiwiko.

Alipofikia jiwe la mwisho, mkono mwembamba ukatoka chini ya shuka ukaligusa ule upande wa moshi.

— Hili ni la jikoni.

— Ni la mama yangu, bibi.

— Basi liweke juu, naye aone.

Maji yakatiwa, samaki wakatiwa. Nusura aliingia na bakuli la uji uliopashwa, wa maziwa ya Namnyaki, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bado, hakwenda kuuza mengine. Bi Sophia hakuliangalia bakuli. Alikuwa anatazama ule ukuta, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Kisha akachovya ncha ya kidole kwenye uji, akakiinua, na Athumani akamshika kiwiko akamsaidia kukifikisha juu ya kioo, mpaka kikaingia majini.

Samaki hawakuja mara moja. Walikuja baadaye kidogo, yule wa mkia mwekundu mbele, wakakidonoa kidole mpaka kikatakata.

— Wanasikia njaa, alisema Bi Sophia. Hebu nilete hilo bakuli.

Akachovya tena. Safari hii kidole kilikwenda kwa samaki, na alipochovya mara ya tatu akakipeleka mdomoni mwake.

Bi Sophia aliishi mpaka kahawa ya mwaka uliofuata ilipochumwa. Siku hizo zote Athumani alishonea viatu chumbani mwa mama yake, chini ya dirisha, na kule kijiweni Abasi akawa anaiweka ndimu ya Sefu mahali pa Soli juu ya benchi, pasikaliwe na mtu mwingine.